Kinu cha Babu Yake Buku

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Looo! Hiyo ni pakawa au ni miayo? Nimeweka kikombe changu cha chai pembeni kwa ajili ya miayo yenu? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

"Hapo sawa. Palikuwa na mji!"

"Tuuone!"

"Mji una wezi!"

"Tuwakamate!"

"Mtawakamata nyinyi? Nyinyi kuku wenu wenyewe mnawafukuza tangu asubuhi mpaka jua linazama na hamuwapati. Kaeni chini. Na wewe Mshamu, karanga zako kula taratibu, hiyo kacha-kacha yako inanipotezea maneno. Haya."

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya juzi, palikuwa na mji mkubwa wa wanyama ukiitwa Nyakuani. Mji mzuri kwa macho. Una mto, una soko, una mitaa, una Liwali. Ila haukuwa na mtu wa kukamata wezi. Askari? Hajazaliwa. Filimbi? Haijulikani. Kila mtu alijilinda mwenyewe, na kila mtu aliibiwa mwenyewe.

Na walikuwa wakiibiana, jamani! Unaanika dagaa, unageuka kupiga chafya, ukirudisha uso unakuta jamvi tupu. Ukipiga chafya ya pili, na jamvi hulioni. Ngiri aliibiwa mlango wa nyumba yake. Akasema, basi, nitakaa mwenyewe hapa nje niwe mlango. Akaleta kigoda, akakaa. Akasinzia kidogo tu, akashtukia yuko chini, puu! Kigoda kimeondoka, yeye kabaki. Sasa mwizi wa namna hiyo utamwambia nini?

Kila asubuhi mji mzima ulikuwa unalia. Huku: "Uwiii, sufuria yangu!" Kule: "Uwiii, mwiko wangu!" Na aliyekasirika kuliko wote hakuwa mtu aliyeibiwa. Alikuwa Liwali.

Liwali wa Nyakuani alikuwa Kiboko. Kazi yake kubwa ilikuwa kulala bwawani, pua nje, tumbo ndani. Fuuuu! Fuuuu! Sasa kila akikolea usingizi, uwiii! Akikolea tena, uwiii! Siku moja akatoka majini akichuruzika, akawaita watu wote sokoni, akanguruma:

"Mimi sijali mnaibiana nini. Ibianeni! Lakini mbona hamuwezi kulia kimya kimya? Nani humu anaweza kuninyamazishia kelele hizi?"

Watu wakatazamana. Kisha akasimama Nyani.

Nyani huyo alikuwa pande la mtu. Mabega hayo, meno hayo, sauti hiyo. Akajipiga kifua, bu! bu! bu!

"Mimi!"

"Utafanya nini?"

"Aliyepotelewa na kitu aje kwangu. Mimi nitakitafuta, mimi nitakipata. Nipeni rungu, nipeni mkanda mwekundu, watu waniogope. Na kila nitakayemrudishia chake, aniletee mkungu wa ndizi. Ni ahsante tu hiyo, si malipo."

"Chukua," akasema Liwali, na neno halijaisha alikuwa ameshazama.

Basi ulinzi wa mji ulianzia hapo. Ulianza na rungu, mkanda na ndizi.

Ikawa mtu akiibiwa halii tena. Anakwenda kwa Nyani. Nyani amekaa juu ya jiwe lake, mkanda umembana tumbo, anauliza:

"Umepotelewa na nini?"

"Sufuria."

"Kubwa au ndogo?"

"Kubwa."

"Ina masizi au haina?"

"Ina masizi."

"Nenda nyumbani. Kesho."

Na kesho kweli! Sufuria hiyo hapo, na masizi yake juu. Mwenyewe anafurahi, anashusha mkungu. Keshokutwa anakuja mwingine.

"Umepotelewa na nini?"

"Jamvi."

"Kubwa au dogo?"

"Dogo."

"Lina tundu au halina?"

"Lina tundu."

"Nenda nyumbani. Kesho."

Na kesho kweli! Jamvi hilo hapo, na tundu lake katikati.

Watu wakasema, loo, Nyani ana pua! Wengine wakasema ana dawa. Niwaambie alichokuwa nacho? Alikuwa na wapwa. Tumbili watupu, mikono haitulii. Asubuhi watu wakienda mtoni kuteka maji, tumbili wako majumbani mwao: chwap! chwap! chwap! Kila kilichochukuliwa kinakwenda pangoni kwa Mjomba Nyani, nyuma ya mawe. Mjomba analala navyo usiku kucha, na kesho yake anavipata! Ebo! Kitu umekilalia, utashindwaje kukipata?

Na asiyeleta ndizi, chake hakionekani. "Bado natafuta," anaambiwa. "Mji huu mkubwa, bwana."

Kelele zikaisha mjini. Ndizi nazo zikaisha mashambani. Liwali akawa hana habari, yuko majini, fuuuu! fuuuu!

Sasa katika mji huo alikuwapo mama mmoja mbishi, Bi Kanga. Kanga huyu mwenye madoadoa, mnamjua. Bi Kanga alikuwa na vifaranga kundi zima, watundu, hawakai mahali. Na alikuwa na kinu. Kinu kile kilikuwa na ufa chini kwenye kitako, na kwa sababu ya ufa ule hakikulia kama vinu vya wenzake. Vinu vya wenzake vilisema ti! ti! ti! Chake kilisema ti-kwaa! ti-kwaa! ti-kwaa! Vifaranga walikijua kinu hicho kuliko walivyomjua mama yao. Wawe mtoni, wawe sokoni, wakisikia tu ti-kwaa, mbio! Pyu-pyu-pyu-pyu! Wanakuja kula chenga zinazorukia nje.

Kinu kikaibiwa. Bi Kanga akaenda kwa Nyani, Nyani akamwambia habari ya mkungu.

"Mkungu wa ndizi?" akasema Bi Kanga. "Kwa kinu changu mwenyewe? Nilipokuwa nakichonga ulikuja kunishikia? Hupati hata ganda!"

"Basi bado natafuta," akasema Nyani.

"Tafuta mpaka uote mvi!" akasema Bi Kanga, akageuka akaenda zake.

Wenzake wote walioibiwa vinu walinung'unika lakini walitoa, na vinu vyao wakapewa. Yeye aligoma. Akawa anaazima kinu cha Ngiri. Anatwanga ti! ti! ti! na kifaranga hata mmoja haji. Anaita mpaka koo linakauka. Kanga kukaukwa na koo! Mji mzima ulijua kuna jambo.

Na watu wakaanza kunong'ona. Huyu Nyani, mbona anapata sufuria, anapata majamvi, mwizi hampati hata mmoja? Sufuria zinajiendea zenyewe? Minong'ono ikakua, ikawa maneno. Maneno yakakua, yakawa kelele. Kelele zikafika bwawani.

"Nyani!" akanguruma Liwali. "Lete mwizi!"

"Mwizi gani, Liwali?"

"Yeyote! Nataka kulala!"

Nyani jasho likamtoka. Amlete nani? Wapwa zake? Dada yake atamtoa macho. Amlete Ngiri? Ngiri ana meno yale mawili, hataniwi. Akatembeza macho mji mzima, mtaa kwa mtaa, akitafuta mtu asiye na mtu. Macho yakamwangukia Buku.

Buku ni yule panya mkubwa wa porini, mkia mrefu, macho madogo, na mashavu mawili ya kubebea chakula. Alikaa shimoni pembezoni mwa mji, yeye na mama yake mzee asiyeona vizuri. Hawakuwa wakitembelewa. Watu wakimwona njiani wanavuka upande wa pili. Na asubuhi na asubuhi Buku alikuwa akikaa mdomoni mwa shimo lake, anaona miguu ya tumbili inapita juu, na vitu vya watu vinakwenda pangoni kwa Nyani. Lakini angemwambia nani? Nani angemsikiliza Buku?

Siku hiyo alikuwa anatoka shambani kwake, mashavu yamejaa karanga, hivi! Nyani akamkamata mkia, akamning'iniza juu.

"Mwizi huyu hapa! Tazameni mashavu! Una nini humo, sema!"

Na wewe karanga zimekujaa mdomoni, utasema nini? Buku akasema, "Mmh! Mmh! Mmh!"

"Mnasikia?" akasema Nyani. "Anakiri!"

Wakampeleka mbele ya Liwali, watu wakafuata nyuma.

"Kaiba nini?" akauliza Liwali.

"Kinu cha Bi Kanga," akasema Nyani.

Bi Kanga akapenya katikati ya watu. "Kinu changu mimi? Huyu? Kakibeba wapi?"

"Shavuni."

Watu wakaangua kicheko. Nyani akakunja uso, akagonga rungu chini, gu!

"Mnacheka? Shavu la buku hamulijui nyinyi. Linavutika lile. Kinu shavu la kulia, mchi shavu la kushoto, na njiani anapiga mluzi!"

Wengine wakaendelea kucheka, lakini Liwali alikuwa ameshapiga miayo. "Yamekwisha," akasema. "Siku ya gulio atupwe kwa Mamba."

Kicheko kikakatika. Mamba alikaa pale mtoni chini ya soko, na Mamba hakuwa mtu wa kuchagua chakula.

Buku akatema karanga zake zote. Baridi ikampanda kutoka mkiani mpaka masikioni. Aliogopa, wanangu, nisiwadanganye.  Akamwona moyoni mama yake, amekaa mdomoni mwa shimo, anapapasa ardhi, anasubiri karanga ambazo haziji tena.  Akawa anatetemeka, lakini akawa anatetemeka huku anafikiri.

"Liwali," akasema, "nimekubali. Nitupeni. Ila nina neno dogo kuhusu usingizi wako."

Liwali alikuwa ameshaingia majini nusu. Akasimama. "Usingizi wangu?"

"Mimi nikifa nitaliliwa. Na sisi mabuku tuko wengi, Liwali. Tuko chini ya mji huu wote, mpaka kando ya bwawa lako. Na kwetu sisi matanga hayaondoki mpaka utwangwe mtama katika kinu cha babu yake marehemu. Kinu kisipokuwapo, watu wanalia. Mwezi wanalia, mwaka wanalia. Wiii! Wiii! Wiii! Na kinu cha babu yangu, mnisamehe, kimeibiwa."

Liwali usingizi ukamruka. "Watalia kando ya bwawa langu?"

"Usawa wa sikio lako."

Watu wakatikisa vichwa. "Ndiyo, ndiyo," wakasema, "kila kabila na mila zake." Hakuna hata mmoja aliyeuliza zaidi, maana hakuna hata mmoja aliyekuwa na la kuuliza.

"Nyani!" akapiga kelele Liwali. "Kitafute kinu hicho!"

"Ah, Liwali, mwizi naye anaibiwa?"

"Mimi ahsante yangu si ndizi," akasema Buku taratibu. "Nina shimo zima la karanga, nimelijaza tangu mavuno. Atakayekipata kinu cha babu yangu, karanga zote ni zake. Mimi kwa Mamba nazipeleka za nini?"

Nyani akameza mate, gulu! Watu wote wakaisikia. Akapanda juu ya jiwe lake, akavuta mkanda.

"Umepotelewa na nini?"

"Kinu."

"Kikubwa au kidogo?"

"Kikubwa."

"Cheupe au cheusi?"

"Cheusi."

"Nenda nyumb..." Akakumbuka. "Kaa hapo hapo. Mpaka gulio."

Buku akatiwa ndani ya debe, juu wakaweka jiwe.

Nyani akakimbilia pangoni. Akaingia katikati ya sufuria, milango, vigoda na majamvi, anatafuta kinu. Haoni! Waliotoa ndizi alikwishawarudishia. Akapekua, akapekua, akakuta kimoja kule ndani kabisa. Kinu cha Bi Kanga. Tena cheupe.

"Si kitu," akasema Nyani. "Atakufa yule, hatakuja kudai." Akachukua kisu, akakwangua mdomo wa kinu: kwaru! kwaru! Akachukua masizi na mafuta ya nyonyo, akakipaka chote. Kikawa cheusi ti. Akarudi nyuma, akakitazama, akacheka peke yake.

"Hata aliyekichonga hatakijua!"

Na hapo hakukosea.

Siku ya gulio ikafika. Soko likafurika. Liwali akaketi, macho mazito. Buku akatolewa debeni, kafungwa kamba mkiani, tumbili mmoja kaishika. Kule chini mtoni Mamba alikuwa ameshaacha mdomo wazi, anasubiri. Buku alimwona. Akaondoa macho upesi.

Nyani akaingia na kinu begani, akakitua katikati ya watu, gu!

"Hiki hapa! Kinu cha babu yake Buku!"

"Loooh, Nyani!" wakasema watu. "Hashindwi huyu!"

Bi Kanga akakitazama kama wengine walivyokitazama. Kinu cheusi, mdomo mwembamba. Hakikumhusu.

Buku akakizunguka kinu, kamba inamvuta mkia. "Nyani, kaka yangu, una hakika ndicho? Isije ikawa cha mtu mwingine, matanga yangu yakaharibika."

Nyani akavimba. "Hakika? Babu yako mimi nilimjua! Akitwanga katika kinu hiki hiki, mimi mtoto mdogo natazama! Ahaa, babu yako, mtu mwema sana!"

"Uape."

"Naapa! Kama si kinu cha babu yake, mkanda huu na rungu hili visinikae mwilini!"

"Mmemsikia?" akauliza Buku.

"Tumemsikia!" wakajibu watu.

"Basi mtama utwangwe. Na namwomba Bi Kanga anitwangie, maana kifo changu ni kwa ajili ya kinu chake."

Bi Kanga machozi yakamlenga. "Buku, mimi sijasema umeniibia. Kinywa changu hakijasema."

"Najua, mama. Wewe twanga tu."

Wakatia mtama. Bi Kanga akainua mchi, akaushusha.

Ti-kwaa!

Bi Kanga akasimama. Akainamisha kichwa upande mmoja. Akainua mchi tena.

Ti-kwaa! Ti-kwaa!

 Kisha kwa mbali ikasikika: pyu! Halafu: pyu-pyu! Kutoka mtoni, kutoka chini ya meza za wauza samaki, kutoka katikati ya miguu ya Liwali mwenyewe: pyu-pyu-pyu-pyu-pyu! Vifaranga! Wanakuja mbio, wanaangushana, wanapanda juu ya kinu, wanadonoa chenga, wanafuta masizi kwa vifua vyao. Wao wakawa weusi, kinu kikawa cheupe.

"KWAAA!" akalia Bi Kanga, na koo lake likafunguka siku hiyo hiyo. "Kinu changu!"

Nyani akapepesa macho. "Ndiyo! Si ndicho alichokiiba Buku? Nimekipata!"

"Umesema cha babu yake," akasema Ngiri.

"Babu yake ndiye aliyekiiba!"

"Babu yake kafa zamani, kinu kimeibwa juzi?"

Nyani akajikuna kichwa, akajikuna ubavu. "Basi nimechanganya. Vinu vingi. Cha babu yake kipo kingine, nitakitafuta. Kesho..."

"Usijisumbue, kaka yangu," akasema Buku. "Babu yangu hakuwa na kinu."

Liwali akafumbua macho yote mawili. "Hakuwa nacho?"

"Hakuwa nacho. Baba hakuwa nacho, nami sina. Liwali, sisi mabuku hatutwangi." Akafungua mdomo, akaonyesha yale meno ya mbele, marefu, makali. "Kinu cha nini?"

"Na ile desturi? Na yale matanga?"

"Nani kati yenu amewahi kuja kwetu kuhani?" akauliza Buku, na sauti yake ilitetemeka, si kwa woga sasa. "Alikufa baba, hakuja mtu. Akafa babu, hakuja mtu. Mngalikuja hata mara moja, mngalijua kwamba nadanganya."

Watu wakatazama vidole vya miguu yao. Hata Liwali alitazama vyake, ingawa tumbo lilimzuia kuviona.

Nyani yeye hakungoja watu wamalize kuona haya. Aligeuka akimbie. Lakini kugeuka kule, jamani! Alimgeuzia Bi Kanga mgongo, na Bi Kanga mchi anao mkononi. Pu! Pu! Pu! Mkanda ukadondoka, rungu likadondoka, Nyani huyoo mpaka majabalini. Yuko huko mpaka leo, na makalio bado mekundu. Mkimwona msimcheke. Ah, mcheke tu.

Pango likafunguliwa. Watu wakatoa vitu vyao, huyu sufuria, huyu kigoda. Ngiri aliukuta mlango wake akaukumbatia, akalia kama mtoto. Buku akafunguliwa kamba, akaenda kwanza kumpelekea mama yake karanga, ndipo akarudi.

Akakuta watu wanauliza: sasa nani atatulinda?

"Buku!" wakasema wote kwa pamoja. Siku ile ile waliyotaka kumtupa mtoni.

"Mimi peke yangu, hapana," akasema Buku. "Nyani mlimpa ndizi kila kitu kilipopotea. Ndiyo maana akapenda vipotee. Sasa fanyeni hivi. Kila nyumba ilete makande kidogo, yachanganywe kwenye chungu kimoja hapa sokoni. Walinzi wapokezane zamu, watembee wawili wawili, huyu amwangalie mwenzake. Siku ambayo hakuna kilichopotea, walinzi wale washibe. Siku ambayo kimepotea kitu, walale na njaa."

Liwali akafikiri mpaka akachoka. "Yaani tuwalishe watu kwa sababu hakuna kilichotokea?"

"Hasa."

Basi wakaukata mkanda wa Nyani vipande vipande, kila mlinzi akafunga kipande mkononi. Wakachonga filimbi za mianzi, piii! Ukiona mwizi unapiga, na wa mtaa wa pili anajibu, piii! Zamu ya kwanza wakashika Ngiri na Bi Kanga. Bi Kanga akakataa filimbi, akasema yeye ana koo. Hao ndio askari wa kwanza duniani, na asiyeamini akaulize Nyakuani.

Tumbili wakakosa kazi, wakamfuata mjomba wao. Mji ukatulia. Ukatulia mno, hata Liwali akazinduka kwa hofu, akauliza, "Kuna nini? Mbona kimya?"

Na Buku? Buku alifanywa mkuu wa zamu. Alipewa jiwe la Nyani alikalie, na jiwe lile lilikuwa karibu sana na chungu. Lazima mtu aonje chumvi, si ndiyo? Akawa anaonja. Asubuhi anaonja, adhuhuri anaonja.

Siku moja Ngiri na Bi Kanga walirudi kutoka zamu, njaa inawauma, mji salama salimini. Wakafunua chungu. Chungu kitupu, kimebaki kijiko! Wakatazamana. Wakaenda mpaka kwenye jiwe.

"Mkuu," wakasema, "tumeibiwa."

Buku akainua uso. Mashavu yamejaa, hivi!

"Mmepotelewa na nini?" akauliza, kwa shida kidogo.

"Makande."

"Mengi au machache?"

"Mengi."

"Yana chumvi au hayana?"

"Hatujui, Mkuu. Hatujayaonja."

Buku akameza. Akapangusa sharubu.

"Yana," akasema. "Nendeni nyumbani. Kesho."

Ngano yangu nimeitwanga, unga nimekula mwenyewe, chenga nawaachia nyinyi vifaranga. Aliyeshiba aniombee dua, asiyeshiba akashtaki kwa Buku.

Mnataka funzo? Funzo ni hili, mlishike vizuri: msimsingizie mtu wizi kwa sababu ya mashavu yake. Ni dhambi. Subirini kwanza mumpe cheo.

Haya, ondokeni. Lakini ngojeni kwanza. Mshamu! Nani kachukua kikombe changu cha chai?

"Kikubwa au kidogo, bibi?"